Ziara za Kumpumzisha Mama Skola

Vijana mnaopangiwa kitengo, jambo la kwanza ninalotaka mlijue ni kwamba mtanenepa. Chuoni hawawaambii hili. Watawaambia habari za usonji na ulemavu wa akili, watawafundisha kuandika mpango wa kila mtoto kwa kalamu ya buluu, lakini kuhusu sketi zitakazogoma kufunga zipu mwezi wa nne baada ya kuripoti kazini, kimya kabisa. Mimi niliripoti Kibondo nikiwa mwembamba, nimetokea Kasulu na sanduku moja. Mwaka ulipoisha fundi cherehani alinitazama, akacheka, akaniuliza kama nguo nilizoleta ni za mdogo wangu.

Kwa wasiojua, kitengo ni darasa la watoto wanaojifunza taratibu, lililo ndani ya shule ya msingi ya kawaida. Mara nyingi ni chumba cha mwisho, karibu na vyoo, na mwalimu wake huulizwa na wenzake kama na yeye ameanza kujifunza taratibu. Nimekaa humo hadi kustaafu, na ningeambiwa nirudi kesho, leo hii ningeanza kupiga pasi.

Kasulu ndiko nilikoanzia, chini ya Mwalimu Sefu. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa pale mjini, ukoo wao ulitoka Tanga, basi Kiswahili chake kilikuwa laini mpaka akikugombeza unasema asante. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi ya vifungo. Mtoto ambaye hajui kufunga shati, humwanzishi na kifungo cha kwanza. Unamfungia vyote, unamwachia cha mwisho tu. Anakifunga, anamaliza, darasa zima linapiga makofi. Wiki nyingine unamwachia viwili vya mwisho. Hivyo hivyo mnarudi nyuma, na kila siku mtoto ndiye anayemaliza.

Mimi sikumsikia. Nilikuwa kijana, nina cheti kipya, nikaona mambo huanzia mwanzo. Muhula mzima nilihangaika na kifungo cha kwanza cha shati la mtoto mmoja anaitwa Ezekieli, na Ezekieli muhula mzima alihangaika kukitafuna. Viwili alivimeza. Siku mbili baadaye mama yake alikuja shuleni, mtulivu kama anarudisha ungo, akanikabidhi kitu kimefungwa kwenye kipande cha gazeti. "Mwalimu, kifungo chako hiki. Nimekiosha." Mwalimu Sefu ilibidi atoke nje. Tulimsikia akicheka kule kwenye mnazi mmoja wa bendera, maana bendera yetu ilikuwa na mlingoti uliopinda na yeye aliuita mnazi kwa kukumbuka kwao.

Kwa hiyo mambo ya watoto nilifundishwa. Mambo ya wazazi hakunifundisha mtu, kwa sababu Mwalimu Sefu mwenyewe aliwaogopa. Akimwona mama anakuja kwa mbali alikuwa anakumbuka ghafla kwamba ana chaki za kuhesabu stoo.

Basi nikiwa Kibondo tukaitwa semina. Mtoa mada akatuambia kwamba tumewasahau walezi. Akasema mama anayelea mtoto mwenye ulemavu wa akili hachoki mwili peke yake, anachoka na moyo. Hapati pa kumwacha mtoto, majirani wanamnong'ona, akilala anasikiliza mlango, na uchovu huo usipoangaliwa unageuka ugonjwa. Nililia mle ndani. Kweli kabisa, nililia na leso sina. Nikarudi Kibondo na begi la semina na fomu za ziara, nimewaka moto kuliko jiko la mkaa. Nikaapa kwamba akina mama wa kitengo changu watapumzika, watake wasitake.

Fomu ilikuwa na sehemu inaitwa hali ya mlezi, na visanduku vitatu: nzuri, wastani, anahitaji msaada. Nilikuwa naandika barua, naibandika kwenye daftari la mtoto: "Nitawatembelea Alhamisi saa nane mchana kuangalia hali yenu." Halafu Alhamisi nachukua baiskeli, nakwenda.

Nyumba niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Mama Skola, nje kidogo ya mji. Skola alikuwa na miaka kumi wakati huo. Maneno yake yalikuwa machache, lakini salamu ya Kiha alikuwa nayo yote, kuanzia kichwa hadi mkia. Wenyewe mnajua salamu yetu haina haraka. Skola anakushika mkono, anapanda nao mpaka kwenye kiwiko, "Mwakeye," na wewe unaitikia, halafu anakuuliza watu wa nyumbani, maharage, ng'ombe, mvua, na mkono hauachii mpaka orodha iishe. Ikiisha, anaanza upya. Siku moja alimkamata mkaguzi wa elimu getini. Mkaguzi alikuwa Mha mwenzetu, kukatisha salamu hawezi. Alisimama pale na pikipiki inanguruma hadi akaizima mwenyewe. Shule nzima ilipata muda wa kufagia na kuandaa maandalio ya somo, na mwalimu mkuu tangu hapo alimheshimu sana Skola.

Baba yake aliondoka Skola hajafikisha miaka mitatu. Alisema anakwenda Uvinza kutafuta kazi ya chumvi, na nadhani bado anaitafuta. Mama Skola alibaki na binti, shamba la mihogo, na migomba nyuma ya nyumba. Lakini ukifika kwake siku ya ziara! Uwanja umefagiwa mpaka unaona mistari ya ufagio. Kiti kimoja cha mbao kimewekwa kivulini, kimefunikwa kitambaa cha kufuma. Skola ameogeshwa, amepakwa mafuta, anang'aa. Mama mtu anacheka, anapiga magoti kunawisha mikono, na mezani ugali wa muhogo, maharage ya mawese na kuku. Kila mara kuku. Mimi ni Mha wa Kabanga, ningeona ajabu gani kupikiwa? Kwetu mgeni akiondoka bila kula, jirani watauliza mmegombana nini. Nilikuwa nakula, nasifu, nakaribishwa tena nakula, halafu nafungua fomu: hali ya mlezi, nzuri. Maelezo: mlezi mchangamfu, nyumba safi, lishe bora.

Niliandika hivyo mara kumi na moja. Nacheka sasa, lakini nikizikumbuka zile fomu naona aibu hadi masikio yanapata moto.

Siku ya kumi na mbili nilikosea. Barua niliandika Alhamisi, mimi mwenyewe kichwani nikaweka Jumanne. Nikafika naimba juu ya baiskeli. Uwanja haujafagiwa. Ndoo ya maji imepinduliwa, unga wa muhogo umemwagika njia nzima toka mlangoni, na Skola yuko katikati ya unga, mweupe mpaka kwenye kope, ana furaha ya kupindukia. Mama yake amekaa chini kabisa, mgongo ukutani, kichwa nusu kimesukwa nusu kimefumuliwa, anatazama mbele yake tu. Hakuwa analia. Afadhali angekuwa analia.

Akaniona. Akaruka. Akakimbia.

Nawaambia ukweli, mwanamke mzima alinikimbia, akazama kwenye migomba. Na mimi badala ya kutumia akili, nikatupa baiskeli nikamfuata. "Mama Skola! Ni mimi!" Na yeye ndiyo anazidi mbio, kwa sababu alishajua ni mimi. Tukazunguka migomba ile kama watoto wa chekechea, kiatu changu kimoja kikabaki kwenye tope, na nyuma yetu Skola anakuja mbio amenyoosha mkono, anataka kunisalimia. Mwisho pumzi zilituishia, tukashika mgomba mmoja, yeye upande huu, mimi upande ule.

"Mwalimu, nisamehe," akasema anahema. "Leo sina kitu. Si uliandika Alhamisi? Kuku nilikuwa naenda kumtafuta kesho!"

"Kuku wa nini? Mimi nimekuja kukuona wewe."

"Ndiyo hivyo hivyo! Ukija kuniona, mimi siku mbili silali. Nifagie, nitafute kuku, nimwogeshe huyu, nikimaliza anajimwagia, namwogesha tena. Barua yako ikifika mimi tumbo linauma." Akajifuta uso na kanga. "Na si wewe peke yako. Wanakuja wa kanisani, anakuja wa ustawi, wanakuja wale wa afya wa kijiji. Wote wananionea huruma, wote wanakaa kwenye kile kiti, wote wanakula. Skola hanishindi, mwalimu. Skola ni mwanangu, namjua. Mnanishinda ninyi mnaonisaidia."

Nikabaki nimeukumbatia ule mgomba. Mimi, Yustina, ambaye hata mkutano wa wazazi haunimalizi maneno.

"Shule ikifungwa mwezi wa sita namtoa," akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Nampeleka Murungu kwa mama yangu. Huko hakuna mwalimu, hakuna fomu. Mama ni mzee, lakini atafanyaje. Mimi nimechoka, nitakufa."

Skola alitufikia, akanishika mkono, akaanza na habari za nyumbani.

Nilijua Murungu ikoje kwa Skola. Bibi yake alikuwa haoni vizuri, na mtoto angeshinda amefungiwa ndani ili asipotee. Kufikia hapo Skola alikuwa ameanza kuandika herufi S, kubwa kama nyoka, kwenye kila ukuta wa shule. Mwezi wa sita ulikuwa wiki saba mbele. Nilirudi na kiatu kimoja, nimekunja fomu mfukoni haijajazwa.

Sasa sikilizeni jinsi mtu anavyoweza kurekebisha kosa kwa kosa kubwa zaidi. Niliwaandikia wazazi wote wa kitengo: "Kuanzia sasa naomba msinipikie." Basi! Nyumba ya kwanza niliyokwenda nikakuta kuku wawili. Mama wa pale alishika mikono yangu, akaniomba radhi machozi yakimlenga, kwamba amesikia mwalimu amelalamikia chakula na yeye hakujua kama kilikuwa kidogo. Nyumba ya pili mbuzi alikuwa amefungwa karibu na jiko na ananitazama kwa macho mabaya. Nikapanda baiskeli nikaondoka na njaa, na wao wakajua sasa nimekasirika kweli. Mume wangu Andrea, fundi wa baiskeli, mtu wa maneno machache, aliniuliza kwa nini nisiwaache tu. Nikamwambia hawezi kuelewa, yeye anatibu minyororo.

Lakini usiku wote nilifikiri na asubuhi nikajua. Niache kwenda kwao. Waje wao, waniachie watoto, waondoke. Nikatangaza kwamba kila Jumamosi, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi alasiri, watoto wote wa kitengo watashinda na mimi darasani. Baba Joeli, mmoja wa wazazi, ambaye anafyatua matofali na ana mikono ya kubeba watoto watatu kwa mpigo, akakubali kunisaidia. Akina mama wakapumzike. Pumzika! Niliwaambia hivyo mara nyingi mpaka neno lenyewe likaanza kuchosha.

Jumamosi ya kwanza ilikuwa wiki mbili kabla ya shule kufungwa. Wakaleta watoto wanane. Saa tatu kamili nikafunga mlango. Saa tatu na dakika tano nikatazama dirishani, vichwa vinane. Hawakuondoka! Walikuwa wamepanga mstari wananichungulia, mmoja ananielekeza kwa vidole kwamba wa kwake hali ndizi zilizokatwa. Nikatoka na kipande cha ufagio nikawafukuza kama kuku kwenye nafaka, nao wanakimbia wanacheka, wanarudi upande wa pili. Mama Skola alirudi mara tatu. Amesahau mtandio. Amesahau kuniambia Skola anaogopa ngoma. Mara ya tatu hakuwa na sababu yoyote, akasimama tu mlangoni.

"Nenda," nikamwambia.

"Niende wapi?"

"Popote. Huna mtoto mkononi, huna mgeni. Nenda."

Akaitazama mikono yake, mitupu, akaondoka polepole.

Tulikuwa na siku nzuri ambayo sijawahi kuiona tena. Tuliosha vyombo vya plastiki kwenye karai, somo la kuosha vyombo, na kufikia saa sita kitu pekee ambacho hakijalowa ni vyombo. Baba Joeli aligeuzwa farasi. Tulipika uji, tukaumwaga, tukapika mwingine. Saa kumi wazazi wakaanza kurudi, wengine nywele zimesukwa upya, mmoja bado ana alama ya mkeka shavuni. Watoto saba wakachukuliwa. Skola akabaki.

Saa kumi na nusu. Saa kumi na moja. Mama mmoja, wa mwisho kuondoka, akanivuta pembeni. "Mwalimu, mimi nisiseme uongo. Mama Skola nilimwona stendi. Amevaa kitenge kile kizuri. Alikuwa amesimama kwenye gari la Kasulu."

Nilikuwa nimefungua mlango mwenyewe, nimemfukuza na ufagio, nimemwambia nenda popote, naye ameenda. Nikamtazama Skola. Alikuwa amekaa kwenye ngazi, anachora S yake mchangani, hana habari. Niliogopa, wanangu. Katika miaka yangu yote ya kazi sijawahi kuogopa vile. Nikamshika mkono nikasema twende kwangu, tule kwanza, halafu nitajua nianzie kwa mtendaji au kwa polisi.

Mwendo wa dakika ishirini ulituchukua saa nzima, kwa sababu kila tuliyekutana naye alisalimiwa kikamilifu. Mimi kichwani natunga maneno ya kumwambia mtendaji, na Skola anauliza watu habari za ng'ombe. Tulipokaribia nyumbani nikaona moshi. Andrea hapiki. Katika ndoa yetu yote Andrea alikuwa amechemsha maji mara mbili, na mara ya pili sufuria liliungua. Nikaongeza mwendo. Uani nikamkuta amejifunga kanga yangu kiunoni, machozi ya vitunguu yanamtiririka, ananyonyoa manyoya yaliyobaki kwenye mguu wa kuku ambaye tayari yumo chunguni.

"Kuna mgeni," akaninong'oneza, macho yamemtoka. "Amekuja tangu saa nane. Nimempikia, amekula, nimeona hajashiba, napika tena."

Ndani, kwenye kiti changu kizuri, Mama Skola alikuwa amekaa. Amenyoosha miguu. Viatu amevua. Mbele yake sahani ina mifupa mitupu, na usoni ana tabasamu ambalo sikulifahamu. Yale yote niliyokuwa nayaona siku za ziara yalikuwa ya kunikaribisha, hili lilikuwa la kwake.

"Karibu mwalimu," akasema. Hakuinuka. "Kaa. Mzee anajitahidi, ila chumvi amezidisha."

Nilikaa chini kwenye mkeka. Skola akajilaza kwenye mapaja ya mama yake.

"Stendi nilifika," akasema kabla sijamwuliza. "Nisikufiche. Gari la Kasulu lilikuwa linajaza, na mimi nilishika mlango. Huko Kasulu simjui mtu. Nilitaka kwenda tu. Nikasimama pale, konda ananiuliza unapanda au hupandi, na mimi nalia." Akamfuta Skola uji uliokaukia shavuni. "Halafu nikajiuliza, hivi nataka nini? Nikaona nataka mtu anipikie. Tangu huyu azaliwe sijaitwa nyumbani kwa mtu. Wanasema, masikini, wewe una mzigo, usihangaike, tutakuja sisi. Na wanakuja! Miaka kumi napokea wageni. Mimi sijawahi kuwa mgeni."

Andrea aliingia na bakuli la pili, akaliweka mbele yake kwa mikono miwili, akatoka kinyumenyume kama mtu aliyetoka kumhudumia chifu. Mama Skola akaanza kucheka. Na mimi nikacheka, nikalia, nikacheka tena, na Skola ambaye hakujua tunacheka nini alicheka kutuzidi wote mpaka akapata kwikwi.

Nikaona heri niulize. "Na mwezi wa sita? Murungu?"

Akatafuna, akameza, akachagua paja.

"Murungu safari ipo," akasema. "Mama sijamwona tangu nina mimba ya huyu. Lakini Skola atabaki na wewe na mzee wako. Anayekwenda Murungu ni mimi, siku tatu, na nimeshatuma ujumbe nyumbani kwamba nakuja na sitashika hata mwiko."